Patanti hailindi jina lako: maneno kwa vijana wanaotengeneza, wanaochora na wanaoimba

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Butembo, siku ya Jumamosi, katika sala ya mtaa. Tumeyaandika vile yalivyosemwa. Mwishoni tumeongeza majibu ya maswali yaliyoulizwa.



Mimi ni mtoto wa hapa hapa. Nilimaliza masomo ya sheria, diplome iko ndani ya kabati, na huu ni mwaka wa tatu niko shomeri. Ili nipate chumvi na sabuni ninachora: logo, etiketi, mabango ya harusi. Ninachora kwa komputa ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo ninafanya kazi pale umeme unapokuja. Sikuja hapa kama avoka. Nimekuja kama mtu aliyeona kitu nyumbani kwao, na aliyekuwa na uwezo wa kukizuia, hakukizuia.

Acha niwaelezee.

Yaya wangu anatengeneza jusi ya marakuja. Alianza na sufuria moja na chupa 20. Jusi yake aliipa jina la koko yetu, mama ya mama, aliyemufundisha kupika. Mimi nilimuchorea etiketi: mama muzee amebeba kitunga, kamba imeshika kwenye kipaji cha uso, vile koko zetu wanabebaka kutoka shamba. Alinipa dola 20, nikafurahi, nikaenda. Miaka mitatu jusi ile ikajulikana. Harusi zilikuwa zinaikomande. Watoto walikuwa wanaita kwa jina ku butiki.

Kati ya wakiliya wake alikuwako mufanya biashara mumoja mwenye depo. Alikuwa anachukua makasha 10 kila juma. Mtu wa adabu, analipa kwa wakati. Siku moja yaya akapokea barua ya avoka. Barua ilisema: jina hili limeandikishwa Kinshasa, mwenyewe ni yule wa depo, na wewe mama uko na siku 15 za kuliondoa kwenye chupa zako zote.

Yaya hakuogopa. Alichukua sashe yake ya karatasi, tukaenda naye kwa avoka. Akaziweka moja moja juu ya meza: patanti, karatasi za kodi, karatasi ya mtaa, hata RCCM aliyofanya mwaka uliopita. Akasema: «Angalia, papa. Niko mu sheria. Ninalipaka Leta kila mwaka.»

Avoka alisoma zote, pole pole, kisha akajibu kwa heshima: «Mama, karatasi hizi zinaonyesha kama unauzisha. Hakuna hata moja inayosema jina ni lako.»

Usiku ule tulikaa chini, yaya, watoto wake na mimi, na wembe na maji ya moto, tukaondoa etiketi 312. Koko alikuwa amekwisha kufa. Mtoto mudogo wa yaya aliuliza: «Mama, koko alifanya nini?» Hakuna aliyemujibu.

Ndugu zangu, mimi niliyesoma sheria nilikuwako tangu siku ya kwanza. Nilikaa karibu na sufuria ile, nikachora, nikakula franka zangu, sikumwambia yaya neno moja juu ya jina. Sikufanya hivyo kwa ubaya. Nilikuwa nafikiri mambo ya mali ya akili ni ya makampuni makubwa, ya watu wa Kinshasa na wa Ulaya. Leo nimekuja kulipa deni. Nataka kila mmoja atoke hapa akijua kitu gani ni chake, kinalindwa na nini, na afanye nini kesho asubuhi.

Chupa moja, mali nne

Sheria zetu za msingi juu ya mambo haya ni mbili. Moja ni ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982, juu ya mali ya industri: majina ya bidhaa na uvumbuzi. Nyingine ni ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986, juu ya haki za watunzi. Zote mbili ziliandikwa wakati inchi iliitwa Zaïre. Wengi katika sala hii hatukuwa tumezaliwa. Hakuna aliyekuwa na telefone mufukoni. Lakini zile tarehe ndizo avoka aliweka juu ya barua ya yaya, na kwa tarehe zile tulipoteza.

Ili tusichanganyikiwe, chukueni chupa ya jusi ya yaya. Ndani ya chupa ile muko mali nne, na kila mali iko na mulango wake.

Mali ya kwanza ni muchoro. Muchoro, nyimbo, shairi, picha, kitabu, filme, teatri, programu ya komputa: hizi ni kazi za mtunzi. Kwa Kifaransa mutaona kwenye karatasi «droits d'auteur». Hapa iko habari njema: kazi ya namna hii inakuwa yako tangu siku uliyoitengeneza. Hauombi ruhusa, haulipi mtu. Inakulinda maisha yako yote, na kisha kufa kwako inalinda watoto wako miaka 50. Na haki ya jina lako kutajwa juu ya kazi haiuzishwi kamwe. Unaweza kuuzisha muchoro. Hauwezi kuuzisha kuwa wewe ndiye uliyeuchora.

Mali ya pili ni jina na alama ambazo kiliya anatambua nazo bidhaa yako. Hii tunaita marke. Na hapa habari si njema kama ya kwanza: marke ni ya yule aliyetangulia kuweka dosie kwa wizara ya industri, Kinshasa. Unaweza kuuzisha miaka 3, miaka 10, mutaa wote ukakujua. Kama mwenzako ametangulia kuandikisha, yeye ndiye ako na karatasi, na wewe utabaki kutafuta haki yako mu tribinali. Ulinzi wa marke unadumu miaka 10, na unaweza kuuongeza tena na tena kama unalipa.

Mali ya tatu ni uvumbuzi. Tuseme yaya angetengeneza mashini mupya ya kukamua marakuja, ambayo hakuna mtu duniani aliyeitengeneza mbele. Hapo angeweza kuomba breve. Lakini mujihadhari: breve inataka kitu kiwe kipya kweli. Ukikionyesha kwanza ku Facebook, ku foire, ku televizyo, kisha ukienda kuomba breve, unaweza kuambiwa: kitu hiki si kipya tena, wewe mwenyewe ulikionyesha. Mafundi wetu wa soudure na wa umeme wanapotezaka hapa. Wanapenda kuonyesha. Weka dosie kwanza, onyesha kisha.

Mali ya ine ni siri. Namna yaya anavyochanganya marakuja na tangawizi, kwa moto gani, kwa dakika ngapi. Hii hauiandikishi mahali popote. Ulinzi wake ni kinywa chako. Coca-Cola inauzishwa tangu 1886 na namna ya kuichanganya ingali inafichwa. Kama uko na watumikaji, usifundishe mumoja kazi yote mwanzo hadi mwisho, na uweke ndani ya kontra yake kwamba hatapeleka siri kwa mwingine.

Sasa kitu ambacho hakina mwenyewe: wazo. Ukisema «mimi ndiye wa kwanza kupeleka chakula kwa moto hapa Butembo», ni vizuri, lakini hauwezi kukataza motari mwingine kupeleka chakula. Wazo ni la wote. Jina la kazi yako, muchoro wako, namna ulivyoandika tangazo lako, hivyo ndivyo unaweza kulinda. Tusigombane bure na majirani kwa ajili ya mawazo.

Karatasi ambazo tunadhani zinatulinda

Ninarudi kwa sashe ya yaya, kwa sababu najua wengi wenu muko na sashe kama ile.

Patanti ni ruhusa ya kufanya biashara ndogo. Kuna wanaosikia kwa redio neno hili kwa lugha za jirani, huko linamaanisha breve ya uvumbuzi, basi wanafikiri patanti yetu ni ile ile. Hapana. Patanti yetu inasema: mtu huyu anaruhusiwa kuuzisha. Basi.

RCCM, ile unafanya ku guichet unique tangu inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, inasema: biashara hii iko, mwenyewe ni fulani. Ni karatasi muzuri, na ni ushahidi kwamba ulikuwa unatumia jina tangu tarehe fulani. Usiitupe. Lakini haikufanyi mwenye marke.

Karatasi za kodi na taksi zinasema umelipa. Ukurasa wa Facebook wenye wafuasi 5 000 unasema watu wanakupenda. Zote ni vizuri. Kwa jina, dosie ya marke ndiyo inayosema ni la nani.

Na mipaka pia. Inchi yetu haimo ndani ya OAPI, ile ya Yaoundé, wala ndani ya ARIPO, ile ya Harare. Kwa hiyo marke ya Kinshasa inakulinda Kongo. Kama bidhaa yako inavuka Kasindi kwenda Uganda, kule inataka kuandikishwa tena Kampala. Na wewe unayeagiza bidhaa Kampala na kubandika jina ulilopenda, angalia kwanza kama jina lile halina mwenyewe hapa kwetu.

Avansi ya leo, njaa ya kesho

Sasa niseme na wanamuziki, wapiga picha, wachoraji na wale wa kutengeneza klipu. Kazi yenu inalindwa tangu kuzaliwa, nimesema. Basi kwa nini munalia? Kwa sababu wengi wenu munaipoteza kwa saini.

Kulikuwa mwimbaji mumoja wa Afrika ya Kusini, jina lake Solomon Linda, Muzulu. Mwaka wa 1939 aliingia studio ya Johannesburg na kikundi chake, akaimba wimbo unaoitwa «Mbube», maana yake simba. Haki za wimbo ule alizitoa kwa kampuni ya studio kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukageuzwa maneno, ukajulikana Marekani kama «The Lion Sleeps Tonight», ukaingia hadi ndani ya «The Lion King». Solomon Linda alikufa maskini mwaka wa 1962. Binti zake waliishi Soweto katika umaskini wakati dunia inaimba sauti ya baba yao. Ilikuwa mpaka mwaka wa 2004 kesi kuingia mu tribinali, na 2006 kupatana. Waliokoka namna gani? Avoka wao walipata sheria ya zamani ya Waingereza, ya 1911, iliyosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 kisha kifo cha mtunzi. Kamba ile nyembamba ndiyo iliwavuta.

Wewe na mimi tusingoje kamba nyembamba. Tujue kwamba kuna tofauti kati ya kuuzisha kopi na kuuzisha haki. Mtu akinilipa dola 20 kwa etiketi, amenunua nini? Kutumia muchoro kwenye chupa? Kwenye tisheti pia? Kwa mwaka mumoja au milele? Kama hatukuandika, kila mtu atakumbuka vile anavyotaka. Kontra ya karatasi moja inatosha, hata ya mukono, ila iseme mambo matano: kazi ni ipi, mtunzi ni nani, anayeipokea ataifanyia nini, kwa muda gani na katika inchi gani, na atalipa ngapi. Saini mbili, tarehe, shahidi. Neno «haki zote, kwa namna zote, milele» mukiliona, muache kalamu chini, muende nyumbani, mulale, murudi kesho.

Na wanaoimba pamoja, mupige hesabu mbele ya kuingia studio. Nani alitunga maneno? Nani alitunga melodi? Nani alitengeneza mupigo? Urafiki wa siku ya kurekodi ni mutamu, lakini ukipita miaka mitatu na wimbo ukashika, urafiki ule unasahau. Andikeni wakati mungali munacheka.

Juu ya kukusanya pesa za watunzi, kuna SOCODA, iliyoanzishwa mwaka wa 2011 kisha SONECA kufa. Wanamuziki wengi wanalalamika hadharani kwamba hawaoni kitu mikononi. Najua. Lakini yule asiyeandika kazi zake hawezi hata kudai. Mwenye namba ya mwanachama na orodha ya nyimbo zake anaweza kuuliza: pesa yangu iko wapi? Mwingine atauliza kwa jina gani?

Uso wa koko

Mutauliza: yaya alifanya nini?

Kisha usiku ule wa wembe nilifungua silabi zangu za univasite. Nilisoma sheria ile ya 1986 kama mtu anayetafuta funguo gizani. Na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote. Yule wa depo alikuwa ameandikisha jina. Lakini chupa zake mupya alizibandika muchoro wangu, mama muzee na kitunga. Muchoro ule haukuwa wake. Haukuwa hata wa yaya. Ulikuwa wangu, tangu siku niliyouchora.

Nilitafuta ushahidi. Kayee niliyofanyia muchoro wa kwanza kwa kalamu, na tarehe pembeni. Fishie ndani ya komputa, inayoonyesha siku ilitengenezwa. Ujumbe wa WhatsApp niliomutumia mutu wa imprimeri: «Angalia kitunga, rangi isikuwe nyeusi sana.» Niliandika barua, page moja na nusu, nikaweka fotokopi za vyote, nikamupelekea avoka yule yule.

Baada ya siku tisa akatuita. Yule wa depo alikubali kuondoa muchoro kwenye chupa zake zote. Jina alibaki nalo. Avoka mwingine alituambia tungeweza kushitaki juu ya jina pia, kwa kuwa alijua ni la nani. Lakini kushitaki kunataka pesa, safari na miaka, na yaya alikuwa na watoto wa kulipia masomo. Akaacha.

Akatafuta jina jipya. Muchoro nikamuachia bila malipo, safari hii kwa kontra, saini mbili na shahidi. Alisema neno moja ambalo silisahau: «Walichukua jina la koko, lakini uso wake wameuacha.» Na mbele ya kubandika chupa ya kwanza, tulituma dosie Kinshasa kwa mukono wa ndugu. Leo karatasi ya kwanza ndani ya sashe yake ni ile yenye muhuri na tarehe ya kuweka dosie.

Kesho asubuhi ufanye nini

Moja: chukua kayee, andika kila kitu kinachotoka kichwani mwako na mikononi mwako. Jina, nyimbo, muchoro, mashini, siri. Pembeni ya kila kimoja andika mulango wake.

Mbili: chunga ushahidi. Usifute miandiko ya kwanza. Jitumie kazi kwa barua pepe, tarehe itabaki. Chunga fakturi za imprimeri. Kama kazi ni ya maana sana, peleka kwa notere aiwekee tarehe.

Tatu: mbele ya kuchapa etiketi 1 000, uliza kama jina lile halijachukuliwa. Na chagua jina lenye uso wake. «Jusi Muzuri» ni jina la jusi zote. Hakuna atakayekupa peke yako.

Ine: weka dosie ya marke. Bidhaa na huduma zimepangwa duniani katika makundi 45, na utalindwa kwa makundi uliyochagua. Usichague yote, ni pesa bure. Chagua ile unayofanya na ile utafanya karibuni. Muko watengeneza jusi watatu au wane? Muchangie safari ya mutu mumoja anayepeleka dosie zote.

Tano: weka jina lako juu ya kazi. Mwaka, jina. Ni kitu kidogo, hakilipiwi, na kinamuambia mwizi kwamba kuna mwenyewe.

Sisi wenyewe

Sasa neno litakalouma kidogo. Tunapiga kelele juu ya wezi wakubwa, na ni haki yetu. Lakini mwaka huu sisi wenyewe tulitoa tangazo lenye picha ya kijana mumoja wa hapa, picha muzuri ya watu wanaotembea kwa mvua. Tuliikuta ku WhatsApp, tukaiweka, hatukuuliza ni ya nani. Alikuja kutuona. Hakuomba pesa. Aliomba jina lake. Tulikuwa tumekata chini pale alipokuwa ameliandika.

Tulimuomba musamaha, na tumerudisha jina. Kuanzia leo tunajipa kanuni: hakuna picha, muchoro wala wimbo wa mutu utapita mikononi mwetu bila ruhusa na bila jina. Hatuwezi kudai Leta iheshimu jasho la mwanainchi na sisi tunakata jasho hilo kwa kidole ku telefone. Na wewe unayejaza flashi kwa franka 500, filme za wenzako wa hapa hapa, jiulize anayetengeneza filme ya pili atakula nini.

Tunachodai

Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1 500, na hakuna barabara. Mutu wa Butembo anayetaka kulinda jina la sabuni yake anapaswa kulipa ndege au kumuamini mutu wa kati. Mwenye depo anaweza. Mama wa sufuria moja hawezi. Sheria inayomungojea yule anayetangulia, na biro moja tu mbali hivyo, inamupa tajiri mbio za kushinda mbele ya kuanza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tutayaandika kwa saini zetu: divisheni za industri za mikoa zipokee dosie hapa na kutoa tarehe hapa hapa, orodha ya marke zilizoandikishwa iwekwe ku intaneti, kila mutu aisome bure, na bei ya mutu wa biashara ndogo isilingane na ya kampuni kubwa.

Ndugu zetu wa Ethiopia walionyesha kwamba inawezekana. Kahawa yao ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe ilikuwa inauzishwa bei ya juu ng'ambo, na mukulima anabaki na kidogo. Mwaka wa 2005 serkali yao ilienda Marekani kuomba majina yale yaandikishwe kuwa marke za Ethiopia. Walipingwa na wafanya biashara wa kahawa wa kule, Starbucks wakabishana nao, na mwaka wa 2007 wakapatana: majina yakatambuliwa. Sasa angalieni kahawa na kakao yetu ya Beni na Lubero. Magunia mangapi yanavuka mupaka usiku na kupata jina lingine asubuhi? Jina la udongo wetu nalo linataka mwenye kuliandikisha. Kazi hiyo ni ya Leta, na kuikumbusha ni yetu.

Maswali yaliyoulizwa

*«Wanasema Disney ilinunua neno Hakuna Matata. Sasa tutalipa tukisema?»* Hapana. Disney iliandikisha maneno yale Marekani kuwa marke ya tisheti, dosie ya 1994, na ilikubaliwa 2003. Marke inashika bidhaa fulani katika inchi fulani. Kinywa chako haikifungi. Lakini watu wengi wa Afrika walikasirika mwaka wa 2018 wakasaini kupinga, kwa kuwa lugha ni ya wote. Hasira ile naielewa. Fundisho lake ni kwamba wengine wanaona mali pale sisi tunaona maneno ya kila siku.

*«Mutu ameweka klipu yangu ku YouTube kwa jina lake. Nishitaki?»* Anza na kitu kisicho na malipo. YouTube na Facebook ziko na fomu ya mwenye kazi kudai kazi yake iondolewe. Jaza kwa ukweli, weka ushahidi wako wa tarehe. Usidai kazi isiyo yako, utajiharibia mwenyewe.

*«Mimi ni fundi wa nguo. Niliona modeli yangu kwa fundi mwingine.»* Namna ya kukata robe ya kawaida ni ya wote. Lakini muchoro uliotunga mwenyewe juu ya kikwembe ni kazi ya mtunzi, na jina unaloshona ndani ya kola linaweza kuwa marke. Shona jina lako.

*«Nani atanisaidia kuandika kontra, sina pesa ya avoka?»* Mimi niko hapa. Kila Jumamosi, saa nane, katika sala hii, muje na sashe zenu. Tutafungua karatasi moja moja, na tutatafuta ile inayokosekana. Sitalipisha. Miaka mitatu niko shomeri, muda ninao, na deni la koko bado halijaisha.